Punda Asiye na Mwenyewe

Lamu,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Ifrah, binti wa marehemu kaka yangu,

Assalamu alaikum warahmatullah. Mimi huku ni mzima, sina hata mafua. Nataraji wewe, mama yako Ardo na yule mbuzi wangu mwenye jicho bovu hamjambo. Mvua kama imenyesha nisimulie, kama haijanyesha usinisimulie.

Usishangae kuona barua. Simu yangu nimeipa bahari. Pale Mokowe tunapanda boti ya kuvukia, boti inacheza, akina mama wanasoma dua. Nikasimama katikati nikawaambia, "Tulieni! Mimi nimevuka Tana imefurika, nimeshika mkia wa ngamia, na mamba ananifuata." Nilipoinua mkono kuwaonyesha ukubwa wa yule mamba, simu ikaruka. Mwenyeji wangu anayo yake, lakini mambo ya familia hayapiti kwenye simu ya watu tunaowachunguza. Kwa hiyo naandika, na dereva wa basi la Garissa atabeba. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kule Masalani, mpaka darasa la nne, mwalimu alipoishiwa na vitu vya kunifundisha.

Sasa mji. Unakumbuka nilivyowaambia pale kwa Abdiwahab, kwenye chai, kwamba Lamu naijua kama zizi langu? Naijua. Ila wameibadilisha. Vichochoro wamevibana, na nyumba wamezigeuza zikaangalia upande mwingine. Mtu mwingine angepotea.

Tuje kwenye kazi iliyonileta. Baba yako, Allah amrehemu, aliniachia wewe mkononi. Mimi ndiye walii wako, na bila neno langu huolewi. Wewe umemtaka Famau, huyu daktari wa mifugo kutoka Lamu. Mama yako anamtaka Mohamednoor wa Hadado, mwenye ngamia wa kuziba barabara. Na Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Mohamednoor anakuja kuchukua jibu. Nimekuja kuwaona watu wa Famau kwa macho yangu, na macho yangu unayajua: nikiona unyayo wa ngamia mchangani nakuambia ni wa nani, ana mimba au hana, na mwenyewe amekula nini asubuhi.

Sitakuficha, adeer, maana sisi ami na binti wa kaka tunaitana jina hilohilo. Nimefikia kwa babake, Mzee Shee. Mtu mpole, ndevu safi, kahawa yake inaamsha maiti. Lakini mali yake ni punda. Punda, Ifrah! Wanambebea watu mchanga na mawe ya kujengea. Nikirudi nitawaambiaje watu wa soko la mifugo, kwamba binti wa kaka yangu ameolewa kwenye punda?

Sijasema hapana. Nimesema naangalia.

Adeer yako,
Jelle


Garissa,
Alhamisi, 16 Januari 2025

Kwa adeer yangu mpendwa,

Wa alaikum salaam. Sisi ni wazima. Kuhusu mvua, sikusimulii. Mbuzi wako amekula shuka la jirani na ana afya kutushinda sote.

Adeer, Famau huzungumza na baba yake kwa simu kila jioni, kwa hiyo usinidanganye sana, nidanganye kidogo tu. Amesema siku ya kwanza ulipotea ukaingia jikoni kwa wazungu waliopanga nyumba, ukakaa, ukangoja chai, wakakupa, ukanywa. Ulipoulizwa unamtafuta nani, ukasema unakagua. Nimecheka darasani peke yangu mpaka wanafunzi wakaanza kuniombea.

Lakini hili nakuambia bila kucheka. Kila asubuhi Mohamednoor anatuletea maziwa ya ngamia, na mama anayanywa kwa sauti ili nisikie. Si mtu mbaya. Ila akitaka kujua kitu kunihusu, anamuuliza mama, nami nimekaa hapohapo. "Anajua kupika?" "Anasikia baridi?" Famau siku aliyokuja kuchanja mbuzi wetu aliniuliza ninafundisha nini, halafu akangoja jibu. Ndiyo tofauti yenyewe, Adeer. Sina nyingine kubwa zaidi.

Mama ameshasema: ikifika Ijumaa ile hujaleta neno lako, yeye atatoa lake. Basi nakuomba. Kaa na Mzee Shee, muulize ukoo wake, kunywa kahawa, rudi. Usiwasimulie ile ya simba.

Binti wa kaka yako,
Ifrah


Lamu,
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa adeer yangu Ifrah,

Amani ikufikie hapo ulipo. Mimi nina afya, ila samaki wananisumbua: kila sahani nikiifunua, ananiangalia. Nimemwambia Mzee Shee kwetu chakula hakimwangalii mtu. Amecheka sana, na jioni akaniletea mbuzi.

Hiyo ya jikoni kwa wazungu mmesimuliwa vibaya. Mlango ulikuwa wazi. Mtu akikuta mlango wazi amekaribishwa.

Ukoo nimemuuliza. Nikamtajia wa kwetu, baba kwa baba, bila kupumua, nikadhani nimemmaliza. Akafuta ndevu, akaanza wa kwake, na kila babu anamtaja na mji wake, na miji mingine sasa ni magofu tu yenye popo. Nilisinzia yeye bado anaendelea. Hapo sina la kusema.

Mji nimeutembea wote. Kuna ngome ya Sultani, Mwingereza alipokuja akaifanya jela. Mtembeza wageni akataka kunieleza, nikamwambia nyamaza, nikueleze mimi: babu yangu alifungwa humu kwa kumnyang'anya Mwingereza bunduki na kofia. Kofia tunayo mpaka leo, mbuzi hunywea maji. Wageni wakaacha kumfuata yeye wakanifuata mimi.

Nyuma ya mji kuna gofu, watu wanasema aliishi Bwana Shauri, yule mzungu mkubwa wa serikali ya wakoloni, aliyekuwa akiamua kesi za watu. Paa limeanguka, miti imeota sebuleni, lakini kuta zimesimama zote na mlango ni mmoja tu. Nikalitazama nikasema, walahi, hili ndilo zizi zuri kuliko yote niliyoona maishani. Mkoloni alijenga bila kujua anajenga nini.

Sasa sikia. Leo baada ya Alasiri nimekaa barazani, Mzee Shee ametoka. Naona punda anapita. Peke yake. Hana kamba, hana mtu. Nikasema, maskini, amepotea. Mara wa pili. Mara watatu kwa pamoja, wanaingia kichochoroni kama watu wanaokwenda mazishini. Nikasimama. Adeer, mji mzima umepotelewa na mifugo na hakuna anayepiga kelele! Watu wanawapisha tu.

Wewe unajua sisi mnyama aliyepotea tunamwita baadi, na baadi humpiti hivi hivi. Unamchukua, unamnywesha kabla ya wako, unatangaza kisimani, na humtoi mpaka mwenyewe akutajie alama zake. Ukimwacha akaliwa na fisi, dhambi ni yako. Hata Mohamednoor atakuambia hivyo. Basi nikavua viatu, nikakata fimbo. Lugha ya punda si mbali na ya ngamia, ina matusi zaidi kidogo. Mpaka adhana ya Magharibi nilikuwa nimeujaza mji wote ndani ya gofu la Bwana Shauri. Nimewapa maji, mlango nimeuziba kwa ubao. Waliokataa kuja nimewashawishi.

Nakuandikia nimekaa mlangoni, fimbo iko magotini. Kesho natangaza. Hapo watajua ni watu wa aina gani wanataka kuoa kwao.

Adeer yako,
Jelle, mlinzi wa mali za watu


Garissa,
Jumatano, 22 Januari 2025

Adeer,

Salaam. Sisi ni wazima. Wewe sijui.

Barua yako imefika leo, lakini habari zako zilikuja mbio zaidi. Adeer, wale punda hawakupotea! Lamu mjini mizigo hubebwa na punda, huko vichochoroni hakuna gari. Wakimaliza kazi hufunguliwa, wakajitembelea, wakala wanachopata, na alfajiri kila mmoja yuko mlangoni kwa mwenyewe. Wamefanya hivyo tangu kabla ya Mwingereza wako na kofia yake. Hakuna anayewachunga kwa sababu hawahitaji kuchungwa.

Jumatatu asubuhi mafundi wote walikaa bila mchanga. Mitungi ya gesi ilirundikana gatini. Kuna bibi harusi ambaye masanduku yake yalibebwa na wajomba zake vichwani, nao hawakunyamaza. Watu wakasema wezi wa ngozi za punda wameingia kisiwani, wakatoka na marungu. Wakakukuta umelala mlangoni, fimbo mkononi, na nyuma yako punda wote wa Lamu wanalia.

Famau ameniambia kilichofuata, na nina hakika hutaniambia wewe. Wenye punda walikushika shati. Mzee Shee, na goti lake bovu, akaja anachechemea, akajipenyeza katikati, akasema, "Huyu ni mgeni wangu. Mwenye rungu aanze na mimi." Wakashusha marungu.

Hapa kwetu Fartun, mke wa dereva wa basi, amemletea mama habari yote na nyongeza. Mama amekaa chini, mikono kichwani. "Tumemtuma mtu akaangalie ukoo, amekamatwa na punda!" Anasema watu wa Lamu hawatatutaka tena, na hata wakitutaka, yeye ataona haya kuwaangalia usoni. Ameagiza mchele wa Ijumaa, Adeer. Mwingi. Mchele wa kumpokea Mohamednoor.

Nijibu neno moja, ndiyo au hapana. Halafu panda basi.

Binti wa kaka yako,
Ifrah


Lamu,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Kwa adeer yangu Ifrah, na mama yako Ardo asomewe,

Assalamu alaikum. Mimi buheri wa afya. Samaki nimeanza kumzoea, sasa namwangalia mimi kwanza.

Wamekusimulia mwanzo wa mambo, mwisho wamekuficha. Ni kweli kulikuwa na mkutano mdogo pale kwenye gofu la Bwana Shauri na watu wengine walinishika shati, kwa kunisalimia. Mzee Shee naye alikuwepo, alisimama karibu. Sisemi zaidi ya hapo. Ila mtu akisimama pale aliposimama yeye siku ile, mimi simsahau.

Nikawaambia wenye punda, "Chukueni mali yenu. Lakini mmoja mmoja, na kila mtu anitajie alama." Wakatazamana. Mmoja, Athman, mtu wa sauti kubwa, akasema, "Wa kwangu ni wa kijivu." Nikamwambia, "Wote ni wa kijivu. Hata wewe umeanza kuwa wa kijivu." Watu wakacheka, na rungu haliwezi kukaa kwenye mkono wa mtu anayecheka. Ikabidi warudi nyumbani wakawaulize wake zao alama za punda. Shughuli ilifika mpaka Adhuhuri, watu wakaleta viti, wazungu wakapiga picha. Mwisho Athman akanishika mkono akasema amekaa na punda wake miaka mingi, leo ndiyo mara ya kwanza kumtazama usoni.

Sasa ndipo penye tatizo. Wote wamechukuliwa, amebaki mmoja. Ni mzee, sikio la kushoto limekatwa ncha, begani ana doa jeupe mfano wa kikombe cha kahawa. Nimemtangaza misikitini, nimemtangaza gatini. Kimya. Nikamuuliza Mzee Shee, "Je, wewe humjui huyu?" Akamtazama punda, akanitazama mimi, akatazama juu, akasema, "Mji huu una punda wengi, ndugu yangu." Na punda mwenyewe amenipenda ajabu. Nikimfungua anakwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Mzee Shee, kwa kuwa ndipo nilipofikia mimi, anagonga mlango kwa kichwa, anangoja maganda ya ndizi.

Ardo, sikiliza vizuri hapa. Baadi asiyepata mwenyewe haachwi. Aliyemwokota hukaa naye. Akitaka kuondoka, humwachia mtu wa kwake tu, wa damu au wa ndoa. Mtu baki haachiwi. Hiyo ni sheria ya babu zetu, na mimi si mtu wa kuivunja mbele ya wageni. Lamu sina wa damu. Kurudi ni lazima. Nimekaa na jambo hili kutwa nzima, sikula, na nikaona mlango ni mmoja tu, kama wa gofu.

Kwa hiyo jana baada ya Alasiri, mbele ya imamu, Athman na wenye punda wote, nimempa Mzee Shee mkono: Ifrah binti wa kaka yangu kwa Famau mwanawe. Akasema, "Nimepokea." Hapohapo nikamkabidhi kamba. Neno la walii limetoka, halirudi mdomoni. Mimi sikutaka, sheria imenibana.

Nabaki siku chache. Athman na wenzake wameniomba niwafundishe kuweka alama.

Adeer yako, na shemeji yako wewe Ardo,
Jelle


Garissa,
Jumamosi, 1 Februari 2025

Kwa adeer yangu,

Wa alaikum salaam warahmatullah. Sisi ni wazima, na nyumba ina wali wa wiki nzima.

Barua yako ilifika jana, Mohamednoor akiwa ameshaketi, amepaka hina ndevu, na sahani iko mbele yake. Mama akasema isomwe. Nikainyoosha. Mama akasema, "Si wewe. Wewe utasoma unachotaka." Mle ndani Kiswahili cha kuandikwa tunakisoma wawili tu, mimi na Mohamednoor. Basi akapewa yeye.

Akaisoma kwa sauti, anatufasiria Kisomali mstari kwa mstari. Pale pa Athman alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Alipofika kwenye yule punda aliyebaki, akaurudia mstari kimoyomoyo. Mama akamhimiza, "Soma." Akauliza, "Sikio limekatwa kwa kisu au limeraruliwa?" Hakuna aliyejua. Akasoma ile sheria, polepole. Akasoma ulivyotoa mkono. Akaikunja barua, akaiweka chini ya sahani ili isipeperuke.

Mama akasema, "Hiyo ni sheria kweli? Mimi sijaisikia."

Mohamednoor akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Ardo, unaniuliza mimi, mtu wa ngamia, kama naijua sheria ya baadi? Babu yangu alikaa Wajir miaka kwa ajili ya mbuzi wa mtu." Akanawa mikono. "Neno limetoka, na limetoka kwa haki. Mimi sitamchukua msichana aliyewekwa juu ya amana." Halafu, Adeer, kwa mara ya kwanza akanigeukia mimi mwenyewe. Akaniuliza, "Huyo punda, wanamlisha nini?" Nikamwambia maganda ya ndizi. Akatikisa kichwa, akaenda zake, na kile chombo cha maziwa akakibeba.

Mama ameamka leo asubuhi na swali jipya. Sasa anauliza Lamu huvaa nini harusini.

Nimeuliza sokoni kuhusu sheria yako. Wazee wote wanaijua. Kila mmoja alifundishwa na babu yake, na kila mmoja anaisimulia tofauti na mwenzake.

*Jumapili.* Bahasha nilikuwa sijaifunga, naongeza. Dada yake Famau amemtumia picha ya punda wako. Famau ameiangalia, akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Adeer, huyo punda ni wao. Amezaliwa uani kwa Mzee Shee. Famau alikwenda madrasa juu ya mgongo wake. Ncha ya sikio ilikatwa na mlango alipokuwa mdogo. Kisiwa kizima kinamjua, ndiyo maana hakuna aliyekuja kumdai: walikuwa wanamtazama Mzee Shee, naye anatazama juu. Jina lake sikutajii. Nakuambia tu alipewa la mzungu fulani wa zamani, kwa kuwa hapendi kubeba, anapenda kusimama akiangalia wengine wakibeba.

Mzee Shee kwa nini alinyamaza, nimeelewa. Nakuuliza wewe. Umechunga tangu hujaota meno. Unaona unyayo unataja mwenyewe amekula nini. Mnyama anakwenda kila siku mpaka kwenye mlango uleule, anagonga kwa kichwa. Hukujua?

Binti wa kaka yako, anayekushukuru hata kama hukujua,
Ifrah


Lamu,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kwa binti yangu Ifrah,

Amani iwe juu yako na juu ya mama yako. Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa macho. Sijui ni chumvi ya bahari au ni umri, siku hizi hayaoni vizuri. Wewe mwenyewe unajua nimekuwa nikilalamika juu ya macho haya tangu zamani.

Nitapanda basi la Jumamosi. Nakuja na Mzee Shee, na halua, na kofia ya Mwingereza nyingine, hii nimeinunua.

Wote hapa wanakusalimu. Bwana Shauri naye anakusalimu. Leo amekataa maganda, anataka ndizi yenyewe.

Adeer yako,
Jelle